Nilifikiri ni Kilingala ninachokikosa

Mwaka jana, katika semina ya isimujamii, nilisimama mbele ya wenzangu nikasoma kurasa nane zenye dai moja: kwamba Fally Ipupa, tangu alipotoka Quartier Latin, amekuwa akikiacha Kilingala hatua kwa hatua, na kila albamu yake ni kituo kimoja zaidi katika safari hiyo. Nilikuwa na mifano, nilikuwa na miaka, nilikuwa hata na mchoro ubaoni. Nilipomaliza, mwenzetu mmoja anayevuka mto kila asubuhi kutoka Lubunga aliinua mkono akauliza maneno matatu: "Kilingala cha nani?" Watu wakacheka. Nikajibu jambo fulani kuhusu Kinshasa, nikaketi.

Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kulitoa siku ile. Limechukua karibu mwaka mzima, na sehemu kubwa ya niliyoyasema katika semina haimo tena.

Kwa msomaji asiyefuata muziki, mambo yalikuwa hivi. Koffi Olomide, ambaye alizaliwa hapa hapa Kisangani tarehe 13 Julai 1956, aliunda orkesta yake ya Quartier Latin mwaka 1986. Mwaka 1999 akamwingiza kijana wa Bandalungwa, Kinshasa, aliyekuwa amepitia vikundi vidogo vidogo vya mtaani, kile cha mwisho kikiitwa Talent Latent. Kijana huyo ndiye Fally Ipupa. Sauti yake imo katika Force de Frappe ya mwaka 2000, katika Effrakata ya mwaka 2001, katika Affaire d'État ya mwaka 2003. Mwaka 2006 akatoka, akatoa Droit Chemin kwa jina lake mwenyewe.

Kutoka kwenye bendi si habari kwetu. Historia ya muziki wa Kongo karibu yote ni historia ya watu kutoka. Mwaka 1974 Papa Wemba, Evoloko, Mavuela na Bozi Boziana walitoka Zaiko Langa Langa wakaunda Isifi Lokole. Mwaka 1997 Wenge Musica ilipasuka, JB Mpiana akabaki upande mmoja na Werrason akaenda na Maison Mère. Lakini desturi ilikuwa kwamba anayetoka anaunda orkesta nyingine, yenye jina, yenye waimbaji watano au sita ambao nao siku moja watatoka. Fally alitoka akajiita msanii pekee. Wanamuziki anao, wanaitwa F'Victeam, na jukwaani ni wengi kama orkesta yoyote. Ila jina lililo kwenye jalada ni moja. Kwetu, basi, "solo" haimaanishi mtu yuko peke yake. Maana yake ni kwamba wengine hawaandikwi.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili liliniuma, maana dai la semina halikutoka vitabuni, lilitoka nyumbani.

Nilizaliwa mwaka 2001, nikalelewa Mangobo na koko yangu, mama mzaa baba, ambaye hakuruhusu Kilingala ndani ya nyumba. Kwake Kilingala kilikuwa lugha ya askari. Kilipanda mto pamoja na jeshi la mkoloni, kikapanda tena pamoja na jeshi la Mobutu, na kila mara kilipobisha mlangoni kilikuja kuomba kuku. Nyumbani tulisema Kiswahili, Kiswahili chetu cha Kisangani ambacho mtu wa Zanzibar angekisikiliza kwa huruma. Shuleni ilikuwa Kifaransa, na katika shule niliyosoma, mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili uwanjani alifagia darasa wiki nzima. Kilingala hakikuwa na mahali, isipokuwa chumba cha yaya yangu, kaka yangu mkubwa, ambako kulikuwa na redio ya CD.

Droit Chemin ilifika humo ikiwa nakala ya nakala, jina limeandikwa kwa kalamu juu ya diski. Nilikuwa na miaka mitano. "Liputa", "Associé", "Sopeka", "Orgasy": nilizishika kwa sikio kabla ya kujua zinasema nini, kisha neno moja moja nikamuuliza yaya. Liputa ni nini? Ni kile koko anachojifunga, yaya akasema, kile yeye anachokiita kikwembe. Hivyo ndivyo nilivyojifunza Kilingala. Sikujifunza kwa askari wala sokoni, nilijifunza kwa mwimbaji mmoja. Wenzangu wengi wa darasa la lugha za Kiafrika wana hadithi ya lugha waliyorithi. Mimi nina lugha niliyoiba chumba cha pili.

Halafu ukaja mwezi wa saba wa mwaka 2017 na albamu ya Tokooos. Nilikuwa na miaka 16. Nyimbo zilikuwa fupi, dakika tatu na kidogo, mdundo ulitoka Paris na Lagos, wageni walikuwa Booba na Aya Nakamura na hata R. Kelly wa Marekani, ambaye baadaye mahakama za kwao zilimfunga kwa mambo yaliyo mbali na muziki. Na Kifaransa kila mahali. Nilijifunza lugha ili nimfuate mtu, naye akahamia lugha nyingine, tena ile ile iliyonifagisha darasa. Nilimwambia yaya: huyu ametukimbia. Yaya, ambaye siku hizo alikuwa amekwisha kuhamia Kinshasa kutafuta kazi, akaniandikia kwamba mimi ni mzee kuliko koko.

Hasira hiyo niliitunza miaka mingi, ikakua, ikavaa suti, ikawa mada ya semina.

Baada ya lile swali la Lubunga niliamua kufanya kazi ambayo ningetakiwa kuifanya kwanza. Niliandika maneno ya nyimbo kadhaa, mstari kwa mstari: mbili za wakati wa Quartier Latin, mbili za Droit Chemin, mbili za Tokooos, mbili za albamu zilizofuata. Kisha nikachukua kalamu mbili za rangi. Kila kilicho Kilingala, buluu. Kila kilicho Kifaransa, nyekundu. Nilitarajia kuona buluu ikififia mwaka hadi mwaka hadi ukurasa uwe mwekundu mtupu.

Nyekundu ilikuwapo tangu ukurasa wa kwanza. Hilo ningelijua kama ningesoma tu majina ya albamu: Droit de Veto, Force de Frappe, Affaire d'État, yote Kifaransa, tena Kifaransa cha gazeti la siasa. Ndani yake Koffi mwenyewe alikuwa na tabia ya kuacha kuimba katikati ya wimbo na kusema jambo zima kwa Kifaransa, taratibu, kama mtu anayesoma barua. Tulipokuwa watoto tulimwiga. Sikuwahi kuhesabu hilo kuwa usaliti, kwa sababu lilifanywa na mzee.

Hapa nadharia kidogo, nayo si ndefu. Mtu akichanganya lugha mbili anaweza kufanya mambo mawili tofauti. Anaweza kubaki ndani ya sentensi ya lugha moja na kupachika humo neno la nyingine. Mkinshasa anasema "nako-appeler yo lobi", nitakupigia simu kesho: nafsi ni ya Kilingala, wakati ni wa Kilingala, "wewe" na "kesho" ni vya Kilingala, kitenzi peke yake ndicho kimevaa shati la Kifaransa. Sisi wanafunzi hapa tunasema "nitakuappeler kesho", na kiambishi cha yambwa kinakaa mahali pake kama kawaida, hakishtuki hata kidogo kukutana na mzizi wa Kizungu. Au anaweza kuhama kabisa: sentensi moja ya lugha hii, sentensi inayofuata ya lugha ile. Profesa Eyamba Bokamba, Mkongo mwenzetu, alionyesha mwaka 1988, kwa mifano ya Kilingala na Kifaransa miongoni mwa mingine, kwamba upachikaji wa aina ya kwanza unaenda ndani kuliko kanuni za wakati ule zilivyokubali, hadi ndani ya neno lenyewe. Carol Myers-Scotton, akitumia Kiswahili na Kiingereza cha Nairobi, alieleza miaka michache baadaye kwamba katika mchanganyiko wa namna hiyo lugha moja ndiyo inayobeba sentensi na nyingine inabebwa.

Kwa kipimo hicho dai langu lilikuwa na chembe ya ukweli. Katika kurasa za Quartier Latin nyekundu nyingi ilibebwa na buluu. Katika Tokooos sentensi nzima nzima zilisimama kwa Kifaransa, kiitikio kikiwa Kilingala au kinyume chake. Ningeweza kuishia hapo na kupata alama nzuri.

Kilichoniharibia mpango ni makala ya Michael Meeuwis na Jan Blommaert ya mwaka 1998, juu ya Wazaire walioishi Ubelgiji. Hoja yao ni rahisi kuisema na ngumu kuimeza. Sisi watafiti tunapomsikia Mzaire akichanganya Kilingala na Kifaransa tunaona lugha mbili na mpaka kati yake, kisha tunatafuta sababu kila anapovuka. Yeye mwenyewe haoni mpaka. Mchanganyiko ule ndio lugha yake, moja, aliyokua nayo, na wengi wao wala hawana Kilingala kingine kisicho na Kifaransa cha kukiweka pembeni. Wanasema vivyo hivyo juu ya Kiswahili na Kifaransa cha watu wa mashariki. Kwa maneno mengine, zile kalamu zangu mbili zilikuwa zinachora mpaka nilioutengeneza mimi.

Niliweka kalamu chini kwa siku kadhaa. Nilipozirudia kurasa niliona kitu ambacho nilikuwa nimekiangalia muda wote bila kukiona. Kulikuwa na maneno ambayo sikuyapaka rangi yoyote. Yalibaki meusi, kwa sababu hayakuwa Kilingala wala Kifaransa. Katika kurasa za Quartier Latin weusi huo ulikuwa mwingi ajabu. Katika Tokooos karibu haukuwapo.

Yalikuwa maneno gani? Ya kwanza ni majina ya watu. Mpenzi yeyote wa muziki wetu anajua libanga, wingi mabanga. Ni jiwe, kurusha jiwe ni kulitaja jina la mtu ndani ya wimbo. Mfanyabiashara wa Luanda, mke wa mkubwa fulani, rafiki wa Brussels, meneja, mtoto wa meneja. Mara nyingi jina limelipiwa, na wimbo mmoja unaweza kubeba majina mengi hadi mpenzi anayeliliwa asahaulike. Wahakiki wameyalaani mabanga kwa muda mrefu na mimi nilikuwa miongoni mwao. Ya pili ni miito ya atalaku, yule mpiga kelele ambaye Zaiko ilimleta mbele miaka ya 1980, anayeshika kipaza sauti wimbo unapoingia sebene. Nusu ya anayoyasema hayamo katika kamusi yoyote: ni mlio, ni jina la mtindo wa kucheza, ni neno alilolibuni asubuhi ile. Effrakata yenyewe ni neno la namna hiyo. Ukiniuliza ni la lugha gani, nitakuuliza wewe unadhani linachezwaje.

Kumbuka jinsi wimbo wa wakati ule ulivyojengwa. Unaanza polepole. Mwimbaji mmoja anafungua, wa pili anampokea, kisha watatu au wanne wanaingia pamoja kwa sauti za juu, na wakati huo bosi anapita katikati akinong'ona au akicheka. Dakika ya nne au ya tano gita linakata kona, waimbaji wanarudi nyuma kucheza, atalaku anaingia na wimbo unaendelea dakika nyingine tatu au nne bila kusimulia chochote. Ndani ya safari hiyo huwezi kusema ni nani hasa "mimi" wa wimbo. Aliyeanza kulia kwa ajili ya mapenzi si yule anayemaliza. "Mimi" inapokezanwa kama mtoto kwenye matanga.

Katika wimbo wa dakika tatu kuna "mimi" mmoja, na ni yeye mwanzo hadi mwisho. Hakuna mahali pa kuweka bosi anayenong'ona, hakuna dakika nne za atalaku, na anayetaka kurusha jiwe hana nafasi ya kuinua mkono. Jina pekee linalobaki ni la mwimbaji mwenyewe, anayejitaja kwa lakabu zake. Nilichokuwa ninakililia tangu mwaka 2017 ni umati. Kwa masikio ya mtoto aliyejifunza Kilingala kupitia ukuta wa chumba, umati na Kilingala vilikuwa kitu kimoja, kwa kuwa vilikuja pamoja.

Na hapa ndipo mchoro wangu wa semina ulipoanguka kabisa. Nilikuwa nimeuanzisha mwaka 2006, mwaka wa kutoka. Lakini kurasa za Droit Chemin zina weusi mwingi kama za Quartier Latin: majina, miito, sauti za nyuma, nyimbo ndefu zenye sebene. Mtu alikuwa ametoka kwenye orkesta, orkesta haikuwa imetoka ndani yake. Miaka 11 ilipita kati ya kutoka kwa kwanza na Tokooos. Mashabiki wengi, nami nikiwemo, tumeyafanya kuwa tukio moja kwa sababu hadithi ya mtu aliyetoka akapotea ni tamu kusimulia.

Hadithi hiyo ina kasoro nyingine pia, kwamba hakupotea. Baada ya Tokooos ilikuja Control, Novemba 2018, na humo rumba ndefu ilirudi na majina yake yote. Kisha Tokooos II, Desemba 2020, nyimbo fupi tena. Kisha Formule 7, Desemba 2022, rumba tena. Ukiziweka mstari mmoja huoni mteremko. Unaona mtu anayetumia mkono huu, kisha mkono ule. Wala si yeye aliyebuni. Papa Wemba alipokwenda Ulaya alirekodi kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel, albamu kama Emotion ya mwaka 1995 yenye nyimbo fupi zilizopangwa kwa masikio ya wageni, na bado aliendelea na Viva la Musica kwa ajili ya watu waliotaka kucheza hadi alfajiri. Wapo waliomlilia yeye pia kwamba ameuzwa. Alifia jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, na siku ile hakuna niliyemsikia akiuliza alikuwa akiimba kwa lugha gani.

Nirudi kwenye swali la Lubunga, kwa kuwa bado sijalijibu. Kilingala cha nani?

Katika semina nilisema Kilingala kama kwamba ni mti uliopandwa hapa na mababu. Mwanafunzi wa lugha wa Kisangani ana haki ndogo kuliko wote ya kusema hivyo. Kiswahili kilifika hapa kwa biashara ya watu wa pwani na Maniema. Tippu Tip aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, na karibu kila kilichokuja naye kilikuja kwa nguvu. Kilingala kilikuja kwa mto, kwa jeshi na kwa meli, kwa sababu Kisangani ndipo meli zinazotoka Kinshasa zinapokomea. Juu yetu ni maporomoko, ambako Wagenia wanatega samaki kwa lugha yao isiyo hii wala ile. Lugha zote mbili tunazogombania ni wageni waliokaa muda mrefu. Tumezipa kazi tofauti. Panda toleka, ile baiskeli ya abiria: jina lake ni Kilingala, "tupite", lakini bei utaipatana kwa Kiswahili, na nambari za pesa zitakuwa Kifaransa. Hakuna anayetoa kalamu.

Hata koko na lugha yake ya askari. Siku moja yaya, ambaye alikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka, alimjibu kwamba mwezi wa sita wa mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji wetu, wale askari walioingia uani kwetu walimsalimia kwa Kiswahili. Koko hakujibu. Aliendelea kuchambua pondu. Lakini baada ya hapo nilimsikia mara moja moja, akidhani yuko peke yake, akiimba kitu kilichofanana sana na "Liputa".

Kwa hiyo Kilingala nilichokuwa ninakitetea hakikuwa cha Wakinshasa, ambao wenyewe wanakichanganya bila woga, wala hakikuwa cha Kisangani, ambako ni jirani anayelala sebuleni. Kilikuwa cha chumba kimoja cha Mangobo, mwaka 2006, chenye redio ya CD na mtu aliyekuwa tayari kunitafsiria. Fally hakuwa na wajibu wa kukitunza. Hakujua kwamba kipo.

Nisiseme kwamba sasa naipenda Tokooos. Kuna nyimbo humo ambazo bado zinapita sikioni kama maji ya bomba, na wageni wengine walialikwa kwa ajili ya jalada kuliko kwa ajili ya wimbo. Lakini ninausikia tofauti ule uliochezwa katika kila arusi niliyohudhuria tangu wakati ule, "Eloko Oyo". Ni wa albamu hiyo hiyo niliyoiita ya Kifaransa. Jina lake ni Kilingala safi, "kitu hiki". Mwendo wake ni wa ngoma za kijijini za upande wa Équateur. Na jina la albamu? Tokooos ni kitoko, "-zuri", iliyokatwa kichwa, ikavutwa sauti, ikawekewa "s" ya wingi ambayo Kifaransa chenyewe huiandika bila kuitamka. Wakati wa Quartier Latin jalada lilikuwa la Kifaransa na ndani Kilingala. Hapa jalada ni la Kilingala na ndani kuna Kifaransa kingi. Nilikuwa nimeitazama albamu miaka minane bila kuusoma mlango wake.

Tasnifu yangu imebadilika jina. Haihusu tena kupotea kwa Kilingala. Inahusu yale maneno meusi, majina na miito, na namna wimbo unavyoamua ni nani aingie na nani abaki nje. Msimamizi wangu ameuliza nitayaitaje, kwa kuwa si ya lugha yoyote. Bado tunabishana.

Yaya alikuja Noeli iliyopita. Tulikaa uani, umeme ulikuwa umekatika, akaweka Formule 7 kwenye simu. Ulipofika wimbo mrefu, majina yakaanza kumiminika mmoja baada ya mwingine, watu wasiojulikana na yeyote pale uani. "Unaona," akasema, "sasa amerudi." Nikamwambia kwamba kwa hesabu zangu hakuwa ametoka vile tulivyodhani. Akaniangalia, akaniuliza kama nimekwisha kumaliza masomo au bado, kisha akaniomba nimtafutie Effrakata.